Moto Mmoja kwa Tanuri la Mzee Yu

Mgeni rasmi, Naibu Meya wetu Bi Xiong Yalan, viatu vyako vimeshashika vumbi letu jeupe. Tafadhali usilifute, hilo ndilo shada la maua tulilokuandalia sisi mafundi wa kauri wa tanuri la kuni, hapa ukingoni mwa Mto Chang, Jingdezhen.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, mji huu umezungukwa na milima, na milima hiyo ndiyo iliyotulea. Mlima Gaoling ulitupa udongo mweupe, misitu ikatupa kuni za msonobari, na mto ukabeba mabakuli yetu hadi kwenye meza za wafalme. Bakuli la mfalme likiwa na kasoro halikutoka: lilivunjwa na kufukiwa hapa hapa. Ndiyo maana hadi leo ukichimba shimo la kupanda vitunguu, unaibuka na kigae chenye mchoro wa mkia wa joka la buluu.

SHUKRANI

Tunakushukuru kutoka moyoni. Tanuri letu lilikuwa gofu, popo wamelifanya kwao. Umetuletea waashi, matofali na paa jipya. Zahanati ya vifua nayo inafanya kazi, na wenzetu walioumizwa na vumbi la udongo sasa wanapata usingizi. Siku paa lilipokamilika, Mzee Yu Shuigen, fundi wetu wa moto mwenye miaka themanini na mitatu, alilipapasa tanuri akalia mbele za watu. Hatukumcheka. Na sisi tulilia.

KIKWAZO

Kipo kimoja tu. Mlangoni pana kibao: "Urithi wa Mji. Marufuku Kuwasha Moto." Nia yake njema tunaielewa. Lakini tanuri lisilowaka hunywa unyevu wa mvua zetu, na matofali hulegea. Tena joto lake hatulipimi kwa mashine. Mzee Yu hutema mate kwenye tundu la tanuri, akatazama yanavyoruka na kukauka, kisha husema "Ongeza" au "Basi." Wanafunzi wake watatu wameyasikia hayo kwa maneno tu. Tulipomwomba atuandikie, alifoka: "Niandike mate? Nyie mna akili kweli? Washeni moto niwaonyeshe!"

OMBI

Hatuombi fedha. Kuni tunazo, zimekauka miaka miwili, na watu wa zimamoto wamekubali kukesha nasi. Tunaomba tuwashe mara moja tu, mwaka huu, Mzee Yu akiwa bado anaona.

Mheshimiwa, ndiye yule wa mstari wa mbele mwenye kofia ya buluu. Kabla ya kuwasha huwa hagusi pilipili, anasema inamharibia mate. Tangu asikie unakuja, anakula wali na mboga za kuchemsha. Jana mkewe, Bibi Hu Lanxiang, alimwambia, "Mzee wewe, unajitesa bure. Nani kakwambia atakubali?"

"Na akikubali je," akajibu, "mdomo wangu ukiwa unawaka?"

Leo ni siku ya tisa. Wewe ni mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Jiangxi, ambako wali bila pilipili hauliki, Mheshimiwa. Hatuna haja ya kukueleza siku tisa bila pilipili ni kitu gani.

Milima hii ikulinde, mto ukusindikize salama, na mikono yako ibarikiwe kwa yote uliyotujengea.

Ni sisi,
Mafundi wa Tanuri la Kuni, Mto Chang.
Imesomwa kwa niaba yao na Rao Guizhen, mchoraji wa mabakuli.