Madamu Viti wa Adravu, na Tangazo Lililosomwa Saa Nane

Wasikilizaji wapendwa, jana saa nane mchana mlisikia tangazo kutoka kituo hiki. Mlisikia jina la Mwalimu Ritah Driciru. Wengi wenu mlipiga simu. Hamkuuliza mazishi ni lini. Mliuliza kama tumekosea jina.

Hatukukosea. Mwalimu Ritah Driciru, mkuu wa taaluma wa Shule ya Sekondari Adravu, Koboko, amefariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Hakuwa mgonjwa.

Wengine mliuliza swali la pili, na mliliuliza kwa hasira. Mwalimu Driciru alifariki alfajiri. Matangazo yetu ya vifo husomwa saa moja asubuhi. Kwa nini la kwake lilisomwa saa nane mchana? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu leo. Lakini jibu halitaeleweka bila kumjua mama huyu, na bila kujua alikuwa akitafuta nini.

Ritah Driciru alizaliwa na kukulia Onduparaka, hapa Arua. Mnajua watu wa Onduparaka na mpira. Baba yake alikuwa shabiki wa kukosa chakula. Timu ikishindwa, sufuria ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Mume wake, Bwana Adrabo, muuza vipuri vya pikipiki mjini Arua, anasema tabia ile mkewe aliirithi, ila aliipeleka shuleni.

"Mimi nilioa mwalimu," Bwana Adrabo alituambia. "Kumbe nilioa kocha."

Alipohamishiwa Adravu alikuta maneno ukutani, yameandikwa kwa rangi ya buluu: Lengo letu ni kuwa bora katika mkoa wa West Nile. Katika kikao chake cha kwanza na walimu aliomba kuuliza maswali. Bora katika nini? Kufikia lini? Na siku tukifika, nani atatuambia kwamba tumefika? Walimu walicheka. Yeye hakucheka.

"Mtu wa Onduparaka ukimwamsha usingizini," aliwaambia, "atakutajia timu yake imebakiza alama ngapi. Sasa niambieni. Waliokuwa kidato cha tatu mwaka jana walikuwa wangapi, na leo wako wapi?"

Hakuna aliyejua. Walijua wastani wa matokeo, nao ulikuwa unapanda. Ulikuwa unapanda kwa sababu wanafunzi dhaifu, wanafunzi maskini na wanafunzi waliochoka walikuwa wanaondoka kimya kimya kabla ya mtihani. Shule ilikuwa inashangilia wastani wa waliobaki.

Basi akaomba lengo moja tu. Kila anayeingia kidato cha tatu akae mtihani wa taifa mwishoni mwa kidato cha nne. Kila mmoja. Hakusema wafaulu wote. Alisema wakae wote.

Na akaweka sheria moja ya kulifuatilia. Mwanafunzi akiacha kuja, kiti chake kisiondolewe darasani. Shule zetu mnazijua, wasikilizaji wapendwa. Kiti kikibaki wazi leo, kesho kimehamia darasa la jirani. Baada ya wiki moja darasa linaonekana limejaa, na mtoto amesahaulika. Mwalimu Driciru alikataza. Kiti kibaki. Kila Ijumaa mchana walimu walikusanyika darasani, wamesimama, mbele ya viti vitupu. Kila kiti kilikuwa na maswali matatu. Mwenyewe yuko wapi? Nani amemwona? Nani atakwenda?

Mara nyingi aliyekwenda alikuwa yeye. Wanafunzi wakampa jina: Madamu Viti. Sokoni Koboko walimwona anakuja na wakaanza kutaniana. "Wewe, jifiche. Madamu Viti iko nakuja na kiti kichwani."

Zam, mwanafunzi wa kidato cha nne, alikuwa ameacha shule ili amsaidie mama yake kuuza vitunguu. Anakumbuka Madamu alivyofika kwenye meza yao. Hakumgombeza. Alinunua fungu la vitunguu, akalalamika kwamba ni vidogo, akaomba aongezewe kimoja. Kisha akasema, "Hesabu ya vitunguu unaijua vizuri. Jumatatu tuko kwenye hesabu ya duara. Utakuja?" Zam alirudi Jumatatu ile. Mama yake hudai mpaka leo kwamba kile kitunguu cha nyongeza ndicho kilichomponza akapoteza msaidizi.

Lakini msidhani kila mtu alifurahi. Mwaka jana, siku ya wazazi, mwalimu mmoja aliona aibu. Alihamisha viti vyote vitupu vya kidato cha tatu, akavifungia stoo. Darasa likapendeza. Mwalimu Driciru alifika na wageni nyuma yake, akatazama, akaomba ufunguo. Akavirudisha kimoja kimoja, wazazi wakitazama.

Mwalimu mkuu, Bwana Lawrence Anguzu, alimnong'oneza, "Madamu, unatuaibisha."

"Bwana Mkuu, aibu ilikuwa stoo," alimjibu. "Mimi nimeifungulia mlango tu."

Kati ya wazazi alikuwepo Bwana Jacques, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo ambaye ameishi Koboko miaka mingi. Alikuwa anatafuta kiti cha mwanawe, Serge. Alikipata. Kilikuwa kitupu. Bwana Jacques alisimama mbele ya kiti kile kama mtu aliyepigwa kofi. Kila asubuhi Serge aliondoka nyumbani amevaa sare. Kila asubuhi baba yake alimpa nauli.

"Mutu anavaa yunifomu, anakunywa chai, ananiaga," Bwana Jacques alituambia. "Mimi nitajuaje kama iko nakwenda kupakia lori Oraba?"

Serge alipatikana mpakani Oraba, akipakia magunia ya unga kwenye malori ya kwenda Sudan Kusini. Alirudishwa. Akasoma, akapanda kidato cha nne. Wiki chache kabla ya mtihani wa mwaka huu akapotea tena.

Hapo ndipo tulipofikia, wasikilizaji wapendwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ya Mwalimu Driciru pale Adravu, darasa la watahiniwa lilikaribia kukaa mtihani lote. Kilibaki kiti kimoja. Kiti cha Serge.

Jumamosi iliyopita Mwalimu Driciru alikwenda Oraba. Alimkuta Serge ameketi juu ya magunia. Tunajua walichosema kwa sababu alimsimulia mumewe jioni ile, akicheka. Serge alimwambia, "Madamu, hata nikikaa, nitafeli." Naye akamjibu, "Feli ukiwa umekaa. Kufeli kwa mbali ni uvivu." Serge akacheka. Akaahidi kwamba Jumatatu atakuja.

Mwalimu Driciru alirudi nyumbani kwake Awindiri, hapa Arua, akiwa na furaha. Bwana Adrabo anasema hajapata kumwona amechoka na kufurahi kwa pamoja namna ile. Jumapili alikwenda kanisani, akapiga pasi gauni lake la Jumatatu, akalala mapema.

Jumatatu alfajiri alikuwa jikoni, akimimina chai kwenye thamosi. Alitaka kuwahi gari la kwanza la Koboko. Bwana Adrabo alikuwa chumba cha pili, akivaa viatu ili amsindikize. Alisikia kifuniko cha thamosi kikianguka. Akasema, "Polepole, mama. Gari bado." Hakujibiwa. Akafunga kiatu cha pili. Alipofika jikoni, mkewe alikuwa chini, na chai ilikuwa bado inamwagika.

Alifikishwa hospitali na majirani. Daktari alisema moyo ulisimama. Alisema hata kama angeanguka pale pale hospitali, huenda isingesaidia. Bwana Adrabo alisikia maneno hayo lakini anasema hayakuingia. Aliendelea kushika thamosi. Hajui aliibeba vipi hadi hospitalini.

Dada ya Bwana Adrabo, Jane, ndiye aliyefanya yote yanayotakiwa kufanywa. Aliwapigia ndugu wa karibu. Kisha akaja kituoni kwetu na tangazo, kama desturi ilivyo, ili lisomwe saa moja.

Saa moja ilipokaribia, simu ya kituo iliita. Alikuwa Bwana Adrabo. Alikuwa amekumbuka jambo moja. Saa tatu asubuhi, karatasi ya kwanza ya mtihani ilikuwa inaanza. Watahiniwa wa Adravu wanaishi vyumba vya kupanga na nyumba za wazazi, na kila nyumba ina redio. Wangesikia kabla ya kutoka nyumbani.

"Wataacha," alisema. "Nawajua. Wataacha na watakuja huku kulia. Tafadhali, wacheni waandike kwanza."

Aliyepokea simu alimuuliza kama ana hakika. Ndugu wangesema nini? Bwana Adrabo alijibu kwamba kosa litakuwa lake.

Hiyo ndiyo sababu. Tangazo lilizuiwa kwa ombi la mume wa marehemu. Lilizuiwa ili watahiniwa wakae mtihani. Kituo hiki kilikubali.

Na ndugu walisema. Kaka mkubwa wa marehemu alifika Awindiri saa tisa, amekasirika hata kusalimia hakuweza. Yeye hakupata simu. Mtandao ulikuwa chini kijijini. Alisikia redioni. "Mutu wetu anakufa asubuhi," alisema, "na mimi, kaka yake, nasikia mchana pamoja na watu wa barabarani?" Bwana Adrabo hakujitetea. Alimpa kiti akae. Maneno hayo yangali yanazungumzwa katika familia, na si sisi wa kuyamaliza.

Lakini kabla ya hapo Bwana Adrabo alikuwa amefanya jambo ambalo wafiwa hawafanyi. Mfiwa huketi, watu humjia. Yeye aliuacha msiba mikononi mwa Jane, akapanda gari, akaenda Koboko. Alisema kama ameficha habari, basi ataifichua mwenyewe.

Alifika Adravu kabla ya saa sita. Alisimama nje ya chumba cha mtihani pamoja na Bwana Anguzu, ambaye alipigiwa simu alfajiri na alikuwa amewasalimu watoto mmoja mmoja bila kusema neno. Watahiniwa walipotoka walimwona mume wa Madamu. Walifurahi. Mmoja alimuuliza, "Mzee, Madamu iko wapi? Tumemngoja asubuhi." Mwingine akasema, "Leo amechelewa yeye. Tumupe adhabu."

Bwana Adrabo aliwaambia. Aliwaambia kwa sentensi moja. Anasema hakuna aliyelia mwanzoni. Walimtazama tu, kana kwamba amezungumza lugha nyingine. Kisha wasichana wawili wakakaa chini, pale pale kwenye changarawe.

Zam hakukaa. Alimsogelea. "Alikufa saa ngapi?"

"Alfajiri, binti yangu."

"Na nyinyi mulijua?"

"Tulijua."

"Madamu hakutuficha kitu," Zam alisema. "Hata kiti tupu hakuficha mbele ya wageni. Sasa yeye ndiyo mumemficha?"

Bwana Anguzu alitaka kumnyamazisha. Bwana Adrabo alimzuia kwa mkono. "Niliogopa mutatoka," alimwambia Zam.

"Ningetoka," Zam alisema. "Kweli, ningetoka." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini hiyo ilikuwa yangu ya kuamua, mzee."

Bwana Adrabo alitutuma tuyaseme maneno ya Zam hapa redioni kama yalivyosemwa, tusiyapake sukari.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bwana Adrabo na watoto wake. Pole kwa kaka wa marehemu, ambaye tulimkosea, na tunalisema hilo waziwazi. Pole kwa Bwana Anguzu, walimu na wanafunzi wa Adravu. Mazishi yatakuwa keshokutwa, Alhamisi, saa nane mchana, nyumbani kwa kina Adrabo huko Vurra. Siku hiyo hakuna karatasi.

Tunawaomba mtafakari, hasa ninyi wazazi na walimu. Ni mtoto gani mliyeacha kumhesabu kwa sababu kutomhesabu kunapendeza? Zungumzeni leo nyumbani. Msingoje siku ya wazazi.

Na kwa kuwa tulikwisha kuficha mara moja, hatutaficha mara ya pili. Lengo la Mwalimu Driciru halikufikiwa jana. Walikaa wote isipokuwa mmoja. Serge hakuja. Baba yake amekwenda Oraba tangu asubuhi na hajampata.

Serge, kama uko karibu na redio, au kama yuko mtu karibu nawe mwenye redio, sikiliza. Madamu amefariki. Sasa umeambiwa, na uamuzi ni wako. Karatasi ya jana imekupita. Zilizobaki ni nyingi, na mwalimu mkuu anasema unaruhusiwa kuziandika. Inayofuata ni kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi. Njoo na kalamu mbili.