Wali wa Mwalimu Wijdan

Ndani ya basi la uwanja wa ndege, kiti cha mbele yangu, bibi mmoja alimuuliza msichana aliyekaa naye anasafiri kwenda wapi.

"Korea, bibi. Naitwa Wijdan, nasomesha Kiingereza skuli ya watoto."

"Chakula cha huko unakiweza?"

"Cha skuli kina nguruwe mara nyingi. Nachukua wali wangu."

"Unakula na nani?"

"Mwaka wa kwanza nilikula peke yangu. Sasa watoto wanakaa na mimi, wanataka kuonja."

"Hao wa watu. Wako utawazaa lini? Mimi nna wajukuu saba."

"Nimewaahidi watoto wa skuli nitarudi, bibi, na nitarudi."

Basi likasimama. Wijdan akambusu bibi mkono, akashuka. Bibi aliendelea kubisha, na msikilizaji aliyebaki nilikuwa mimi.