Chale za Dada Léocadie

Kwenye basi la Merrylands, mama mmoja Mkongomani alimuuliza jirani yake, binti wa Kikenya mwenye sare ya hospitali, vidoti vya wino kifuani mwa mtu ni vya nini.

“Tunawatia wagonjwa wa kansa, mama, tujue pa kupiga mionzi. Siku hizi utafiti unasema kamera za mwanga zinatosha, bila wino.”

Kwa jinsi mama alivyoinama, mimi niliyekaa nyuma yao niliona utafiti umechelewa.

“Ni miye njo nilisema ni chale za mganga. Tukakemea pepo ya dada Léocadie kwa Zoom, kanisa yote.”

Barakoa huziba mdomo, si sauti. Abiria wa mbele wakageuka.

“Hakuwaambia anaumwa?” binti akauliza.

Basi likasimama. Mama akapandisha barakoa hadi machoni. “Kila tulipokemea,” akasema, “yeye alikuwa anaitikia amina.”