Mama Meno Anawaaga Wanyonya Damu Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwapaka walio hai rangi ya umauti, mkuu wa chumba chetu cha vipodozi hapa studioni anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye mkataba analijua karani wa mishahara. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Meno.

Alikuja kwa siku moja tu. Alikuwa msusi wa mtaa wa nyuma, akaitwa kurekebisha wigi lililokuwa likimwangukia mwigizaji machoni. Alipomaliza, akamwona maiti wetu amelala kwenye jeneza akisubiri zamu yake. "Huyu mbona ana afya kunishinda mimi?" akauliza. Akampaka majivu kidogo chini ya macho, na siku hiyo hiyo akapewa kazi. Saluni akamwachia mdogo wake.

Asidhani mtu kwamba hakuwahi kuboronga. Damu yake ya kwanza aliipika kwa sukari nyingi mno. Ilimeta vizuri, lakini sisimizi nao waliiona. Marehemu wetu alivumilia weee, mwishowe akaruka kutoka sakafuni akijikuna, na mjane wake akaangua kicheko katikati ya kilio.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ile tamthilia ya familia ya wanyonya damu. Fedha zilikuwa kiduchu: chumba kimoja, mapazia meusi na taa za kuazima. Mama Meno akachonga meno ya kila mwigizaji kwa mkono wake, jioni baada ya jioni, akiyajaribisha kwa mumewe mpaka mzee wa watu akazoea kunywa chai nayo. Yalikuwa meno ya kutisha kweli. Tatizo lilianza midomo ilipofunguka.

"Uthiogope," mnyonya damu mkuu alimnong'oneza binti aliyemkamata, "thitakuumitha."

Nchi nzima ilicheka. Mwongozaji wetu akaongeza moshi, akaongeza damu, akaongeza popo wa mpira. Debe tupu likazidi kuvuma. Kituo cha televisheni kikatupa sehemu moja ya kujirekebisha, la sivyo tufungashe virago.

Tukaitwa kikaoni, nyuso zimetushuka. Wengine walitaka popo mkubwa zaidi. Mama Meno akasimama.

"Mama mkwe wangu amecheka tangu sehemu ya kwanza," alisema. "Amenyamaza mara moja tu, pale mlango ulipogongwa na hatukuonyeshwa nani yuko nje. Alinyanyuka akaenda kukagua komeo la kwetu. Meno yatoke."

Mwongozaji akashangaa. "Si ni yako hayo?"

"Nimeyazaa mimi, na mimi ndiye ninayesema yatoke. Mnyonya damu ni mtu mwenye njaa kwanza. Meno baadaye."

Aliyapenda meno yale. Mwongozaji naye, tumpe haki yake, hakubishana. Alivuta kiti karibu naye, na wawili hao wakaipanga upya sehemu yote.

Ikawa hivi: mjane yuko jikoni anaosha vyombo. Mlango unagongwa. Ni sauti ya mumewe waliyemzika juzi, anamwita kwa lile jina la chumbani, anaomba kwa upole afunguliwe kwa sababu nje kuna baridi. Hapakuwa na moshi wala popo. Mama Meno alipamba mkono mmoja tu uliochungulia kwenye upenyo wa mlango: kucha zenye udongo, na pete ya ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mjane alipoinua komeo, sisi wenyewe tuliokuwa nyuma ya kamera tulitamani kumzuia.

Kesho yake baada ya sehemu hiyo kurushwa, simu za mapokezi hazikupumua. Mtazamaji mmoja alilalamika kwamba mkewe hamfungulii tena mpaka ataje majina ya wakwe zake wote. Tamthilia ikadumu miaka saba, na studio ikabaki na mlango wazi.

Tangu hapo tumeona wengi wakija na mashine za bei mbaya na wakianguka, kwa kuwa walionyesha kila kitu mapema, au walimdhihaki mnyonya damu wao kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kumwogopa. Mama Meno hakuwacheka. Aliwakaribisha chai, akawauliza swali moja: "Huyu wako ana njaa ya nani?" Wapambaji wetu wote wa leo wamepita mikononi mwake, na swali hilo wanalo.

Asante, Mama, kwa mikono yako, kwa vicheko, na kwa ujasiri wa siku ile. Umetumia nusu ya umri wako nyuma ya mapazia meusi. Sasa nenda kakae barazani na mzee wako, wajukuu wakupande mgongoni, na jua likupige mpaka uchoke nalo. Maisha yawe mema kwako.