Wenye Wiki Moja

Benchi letu liko kati ya bwawa la kuogelea na ziwa, kando ya kibanda ambamo ofisi huweka mtungi wa kahawa ya bure kila asubuhi, nayo ikiisha imeisha. Sisi ni wenye wiki. Kila mmoja wetu, au mzazi wake, aliwahi kununua wiki moja ya mwaka hapa Kissimmee, ile ya katikati ya Februari, ili aje akae katika kijiji hiki cha likizo kila mwaka mpaka afe, na akishakufa wiki irithiwe. Huko kwetu Ohio wakati huu theluji imefika madirishani, na hapa korongo wanatembea kwenye maegesho ya magari kama wakaguzi. Basi watu walewale hukutana wiki ileile, na baada ya miaka mingi majina yao ya kwenye vitambulisho yamesahaulika. Baba yangu, Delbert, anaitwa Jaji kwa kuwa hutoa hukumu juu ya kila kitu, ingawa kazi yake ilikuwa kukagua mizani za maduka. Lorna wa Michigan anaitwa Redio. Vernon, mstaafu wa reli kutoka Gary, anaitwa Vocha, kwa sababu kila mwaka huenda kwenye kifungua kinywa cha wauzaji wa kampuni, akala, akawasikiliza wakimshawishi aongeze wiki, akakataa, kisha akarudi na vocha yake ya zawadi. Mimi sina jina la utani. Mimi ni binti wa Jaji, ninaletwa niendeshe gari.

Jumatano Redio alifika na simu mkononi, miwani ikiwa kichwani, na nyingine machoni.

— Mmeyasikia? Wanataka kutupanga madaraja.

— Nani wanataka? — Baba aliuliza.

— Kampuni, nani tena? Kundi la mtandaoni halijalala. Shaba, Fedha, Dhahabu, Almasi. Wanayaita madaraja ya uaminifu.

— Sasa hilo si jambo zuri? Mimi nakuja hapa tangu ziwa hili ni shimo la kuchimba mchanga. Kwa uaminifu, mimi ni Almasi.

— Wewe ni Shaba, Jaji. Hawapimi miaka, wanapima ukubwa. Mwenye wiki nyingi ndiye mwaminifu.

— Na mwenye wiki moja?

— Huyo bado anachunguzwa.

Baba aliweka kikombe chini. Anapoweka kikombe chini, tunajua hukumu inakuja.

— Mkataba wangu unasema milele. Neno lenyewe liko pale, nimelisoma. Milele haina daraja.

— Milele umepewa, hakuna aliyekunyang'anya. Ila hukuambiwa chumba gani. Wanasema Almasi watachagua vyumba mwezi mzima kabla ya wengine. Halafu Dhahabu. Halafu Fedha. Shaba mtaokota kitakachobaki.

Niliomba nione. Ilikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi fulani, haina tarehe, haina sahihi, pembeni kuna kidole cha mtu. Nilisema hiyo huenda ni rasimu tu, au ni ya kampuni nyingine kabisa.

— Rasimu, rasimu — Redio alinijibu. — Binti, hata mimba huanza kama rasimu.

Maurine hakucheka. Yeye hukaa mwisho wa benchi, na huwa hatazami bwawa wala watu. Hutazama mlango wa nyuma wa chumba namba 104, ghorofa ya chini, mahali anapolala mume wake.

Mume wake ni Orval, nasi tunamwita Dereva. Aliendesha basi la mji huko Fort Wayne maisha yake yote, na sasa anapotea ndani ya duka la dawa. Nyumbani Maurine amefunga komeo juu kabisa ya mlango, asipolifikia. Hapa halihitajiki komeo. Kutoka mlango wa nyuma wa 104 kuna njia moja tu ya zege. Inapita kando ya ziwa, ukuta wa maua upande huu na uzio wa kuzuia mamba upande ule, haina pa kukata kona mpaka benchi letu. Kila asubuhi Maurine hutangulia, na Dereva huamka, huvaa, na huja peke yake. Wiki moja katika mwaka ni mtu anayetoka mlangoni akaenda zake. Mwaka mmoja kampuni ilipokuwa inatengeneza paa iliwahamishia jengo la C, na Dereva aliokotwa na walinzi kwenye barabara kuu, akiwa amevaa taulo na kofia yake ya kazi.

Mpaka sasa chumba hicho Maurine amekipata kwa njia moja. Siku ya kwanza ya kuchagua vyumba vya mwaka ujao, simu hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa watu wote, na anayewahi ndiye anayepata. Maurine huwahi. Anasema siku hiyo hanywi hata maji, asije akabanwa na haja simu ikiwa inaita.

— Kwa hiyo nikipiga saa mbili — aliuliza taratibu — chumba kitakuwa kimechukuliwa mwezi uliopita?

Baba alikohoa. Redio aliona ametibua jambo, na Redio akitibua jambo hulifunika kwa maneno mengine.

— Chumba si kitu, Maurine. Ngoja uone mengine. Wanasema Almasi watakuwa na bwawa lao.

— Wana bwawa gani wakati bwawa ni moja? — Baba alisema.

— Watalipigia kamba katikati. Almasi upande wa jua.

— Jua linazunguka, Redio.

— Basi na kamba itazunguka! Wana wafanyakazi wa kufanya nini? Na maji ya kuoga je? Almasi ya moto, Fedha vuguvugu, Shaba utajijua mwenyewe.

— Hata hiyo kahawa — Baba naye akaanza kunogewa. — Almasi watapewa ya kwanza kutoka. Dhahabu ya pili. Sisi tutaruhusiwa kunusa mtungi.

— Na gari la wagonjwa! Umeanguka hapa, moyo umesimama, jamaa anakuinamia: mzee, pole sana, una wiki ngapi?

Baba hakucheka hilo. Mwaka jana gari la wagonjwa lilikuja kweli, lilimjia yeye.

— Nyie mnacheza — alisema. — Mimi nawaambia shabaha yao. Wanataka tuchoke. Ukipewa chumba kibaya mwaka huu, na kibaya mwakani, utaacha kuja. Ukiacha kuja, ada ya mwaka unaendelea kulipa, na wiki yako wanampangisha mwingine. Mtu wa faida kuliko wote kwa kampuni ni mwenye wiki asiyekuja. Hawatuchukii. Wanatusubiri.

Korongo mmoja alikuja akasimama mbele yetu, akatutazama, akaondoka.

Ndipo Vocha alipotokea kutoka upande wa ofisi, mdomo bado unang'aa mafuta ya soseji. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, na joto lilikuwa limeshaanza.

— Karibu, mheshimiwa — Redio alisema. — Leo wamekupa vocha ya nini? Kuku? Tikiti za kutazama pomboo?

— Kuku.

— Hebu tumuone.

— Yuko chumbani.

— Chumbani umepita saa ngapi, na unatoka ofisini? Vocha, mbona umejifunika kama bibi harusi? Unaumwa?

— Niache, mwanamke. Jua baya.

— Miaka yote hii jua lilikuwa zuri?

Redio ni mwepesi kuliko umri wake. Alimshika mkono, akavuta shati juu. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na bangili ya plastiki ya njano, mpya, na juu yake neno lilelile tulilokuwa tukilibishania: Dhahabu.

Mimi nilitazama bangili na nikajua kwamba ile picha haikuwa rasimu.

— Vernon — Baba alisema. Alimwita kwa jina lake, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi. — Umenunua.

— Nimeongeza kidogo.

— Wewe! Wewe uliyetufundisha sisi jinsi ya kukataa! Kula mayai, tikisa kichwa, sema mke hataki, ondoka!

— Mke alikufa, Jaji. Wanajua. Safari hii wameiweka kwenye faili. Yule binti wa mauzo akaniambia, pole sana Bwana Tibbs, najua sasa unaamua peke yako. Kisha akanitolea ramani. Akaniwekea kidole kwenye jengo la C, la barabarani, akasema: hapa ndipo tunafikiria kuwaweka Shaba. Hakusema zaidi. Alinyamaza tu, akanimiminia juisi. Nyinyi mngefanya nini?

— Ningekunywa juisi nikaondoka — Redio alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

— Ungeondoka kwenda wapi? Mimi huku ndiko ninakoongea na watu. Nikirudi Gary naongea na televisheni.

Maurine alikuwa amegeuka. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kuuacha mlango.

— Vernon, hakuna anayekulaumu. Niambie kitu kimoja. Uliuliza habari za chumba chetu?

Vocha alirudisha shati lake chini, akafunga kifungo kwa shida.

— Nilikiulizia kabla ya kuweka sahihi. Nilisema kuna mzee ana hali yake, mnamjua, walinzi wanamjua. Akasema ataandika.

— Akaandika?

— Sikuona kalamu.

— Lakini ngoja — Baba alinyanyuka, na uso wake ulikuwa umechangamka ghafla. — Ngoja! Vocha ni Dhahabu. Dhahabu wanachagua kabla yetu. Basi Vocha atakichukua yeye 104, na Maurine atachagua chochote, halafu mkifika hapa mnabadilishana funguo. Kwisha! Kuku wao wamempika wenyewe!

— Jaji, nilimwambia hivyohivyo. Nilijiona mjanja kama wewe. Ndiyo maana nikaweka sahihi. Halafu nikiwa mlangoni akaniambia vyumba vya chini vya ziwani ni saba tu, vimetengwa kwa Almasi. Dhahabu tunapata kuviomba kama Almasi hawakuvitaka. — Alimtazama Maurine. — Kalamu nilikuwa nimeshairudisha mezani. Nisamehe.

— Wasivitake kwa nini? — Maurine alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. — Ni vyumba vizuri.

Niliwaambia kwamba nitaandika barua, kwamba kuna sheria ya kuwalinda watu wenye hali kama ya Dereva, kwamba nitasoma masharti yote ya mkataba leoleo. Nilisema mambo mengi, kwa haraka. Maurine alinipapasa goti.

— Utasoma, mpenzi. Unywe kahawa kwanza.

Mlango wa 104 ulifunguka.

Kuna desturi pale benchini ambayo hakuna aliyeitunga. Mlango ule ukifunguka, mazungumzo yanasimama na kila mtu anatafuta kitu kingine cha kutazama. Baba huangalia bata. Redio hupangusa miwani. Maurine peke yake hutazama, na mdomo wake huwa unatikisika kidogo, kana kwamba anamhesabia hatua. Dereva alitoka, akafunga mlango, akaujaribu kama umefungika. Akavaa kofia. Akaja, taratibu, mkono mmoja ukigusa maua ya ukutani. Alipofika katikati alisimama akageukia maji. Baba aliacha kutazama bata. Kisha Dereva akaendelea, akatufikia, akavua kofia.

— Habari za asubuhi, mabibi na mabwana.

— Nzuri, Dereva! — tukaitikia wote, kwa sauti kubwa mno.

— Umelala salama? — Maurine alimuuliza.

— Salama. Nimekuja mwenyewe.

— Nimeona.

Alikaa, nami nikamletea kahawa. Alikuwa bado anaipuliza wakati kijana mmoja alipotujia kutoka bwawani, amembeba mtoto begani, na mwingine amemng'ang'ania suruali. Alikuwa na sura ya mtu mwema, amechomwa na jua puani. Alituamkia, akasema anaitwa Brent, mzimamoto kutoka Georgia, na kwamba yeye na mkewe wamejiunga jana tu. Mkewe anafanya zamu za usiku hospitalini, hawajapumzika tangu mtoto wa pili azaliwe, basi wakaona heri wachukue kitu kizuri moja kwa moja. Alipomshusha mtoto tuliiona bangili. Ilikuwa nyeupe, inametameta.

— Samahani, wazee wangu — alisema. — Wameniambia kuanzia kesho naweza kuchagua chumba changu cha mwakani, chochote ninachotaka. Nami sijui hata upande upi ni upi. Nikawaona nyinyi, nikasema hawa ndio wenyeji. Hapa chumba kizuri kuliko vyote ni kipi?

Redio alitazama simu yake, na ilikuwa imezima. Vocha aliinama kufunga kiatu kisicho na kamba. Baba, mwenye hukumu juu ya kila kitu, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nilifungua mdomo ili nidanganye, niseme ghorofa ya tatu, jengo la A, kuna upepo, nikaufumba tena.

— Kwani ni swali gumu? — kijana alicheka kidogo, akitutazama mmoja mmoja.

— Gumu wapi! — Dereva alisema. Alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, mgongo umenyooka, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. — Chetu. Hakuna kama hicho. Unatoka mlangoni, unafuata maji, umefika. Huwezi kupotea hata ukitaka. Njoo nikuonyeshe.

Alimshika kijana kiwiko, kama alivyokuwa akiwashika wazee wa Fort Wayne kuwapandisha ngazi za basi. Kijana alisita. Aliona nyuso zetu, akajua kuna jambo, hakujua ni lipi, akamgeukia Maurine kana kwamba anaomba ruhusa.

Maurine alitabasamu, akampisha mtoto mdogo apite.

— Nenda naye, mwanangu — alisema. — Njia anaijua.