Gervas Mutalemwa na Picha Aliyoambiwa Akaitupe

Padri, ndugu waombolezaji, majirani wa Al Baraha hapa Dubai na wote mlioacha kazi zenu kufika hapa, mimi ni Marietha Mutalemwa, mdogo wa marehemu, na ninasimama kwa niaba ya familia. Jana mwenyekiti wa kamati ya msiba, Bwana Clifford, aliniletea karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri ili nizisome, na ndani yake kaka yangu ni mtu mpole aliyependa ibada, familia yake na kazi za mikono, basi, hamna mama yetu, hamna madam aliyemwajiri, hamna picha hata moja. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Dada, msibani si mahali pa kufukua mambo." Karatasi zake nimemrudishia, nitasoma niliyoandika mwenyewe, na atakayeona yanamkera mlango uko wazi.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Februari 1971, katika kijiji cha Bushagara, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu, Ta Prosper Mutalemwa, na mama yetu, Ma Yustina, na alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alianza darasa la kwanza kijijini mwaka 1979 akamaliza la saba mwaka 1985, akaendelea na sekondari mjini Bukoba hadi kidato cha nne mwaka 1989, na mwaka 1992 alihitimu udereva na ufundi wa magari jijini Mwanza. Kuanzia mwaka 1993 aliendesha lori la kahawa la chama cha ushirika kwa miaka kumi na miwili, na sisi wadogo zake tulijua anarudi kwa mlio wa injini tangu akiwa mteremkoni, na mama alikuwa akiinua sufuria ya ndizi mekoni kabla lori halijafika uwanjani. Nayasema haya ili mjue kwamba aliwahi kuwa mtu wa kurudi nyumbani.

Tarehe 19 Septemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Frida, ambaye yuko Bushagara akisubiri mwili huu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Annah aliyezaliwa mwaka 2000 na Linus aliyezaliwa mwaka 2003. Tarehe 6 Aprili 2005 aliingia Dubai akiwa dereva wa familia ya Kimarekani iliyoishi Jumeirah, familia ya Madam Haslam, na mwaka 2011 aliniitia kazi ya dobi katika hoteli moja Al Mankhool, ambako nipo mpaka leo. Kwa hilo namshukuru, sijasema simshukuru.

Madam Haslam ni wa kanisa la Wamormoni, na wazee wa wazee wake walikuwa miongoni mwa waumini waliovuka mbuga za Amerika miaka mia moja na sabini hivi iliyopita, wengine kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wengine wakisukuma mikokoteni kwa mikono yao, hadi nchi ya Utah. Sebule yake ilijaa vitu vya watu hao, gurudumu la kusokotea sufu, pipa la kusukia siagi, mablanketi ya viraka, viatu vya mtoto vilivyokakamaa kama mbao, na picha za zamani zilizopigwa juu ya vipande vya bati. Alimfundisha kaka yangu kuzipangusa kwa brashi laini bila kuzigusa uso, naye kaka, ambaye nyumbani hakuwahi kupangusa hata kiti, akapangusa kwa miaka tisa.

Mwezi Juni 2014 familia ile ilihama Dubai, na siku ya kufungasha madam alimpa marehemu sanduku la makadibodi akamwambia, "Hizi ni za ziada, Gervas, hakuna anayezihitaji, katupe." Hakutupa. Ndani yake mlikuwa na picha moja ya bati ya familia ya babu wa babu yake madam, watu saba mbele ya nyumba ya mbao, na nyuma yao, upande wa kushoto, mwanamke mweusi ameshika ndoo. Mgongoni mwa fremu mtu wa zamani aliandika majina ya wale saba wote, akaandika na jina la mbwa aliyelala miguuni pao, na mwisho kabisa akaandika, "na mtumishi." Madam alikuwa na picha nyingine ya siku hiyohiyo ambayo mwanamke yule hayumo, na hiyo ndiyo iliyokaa ukutani sebuleni miaka yote.

Hapo ndipo tulipompoteza kaka yetu. Alipata kazi ya kuendesha basi dogo la hoteli hapa Deira, akapanga kitanda Al Baraha katika chumba cha watu wanne, na kila Mmarekani aliyekuwa akihama mji kaka alimfuata kuulizia vitu vya Wamormoni wa zamani, na Musab, yule muuza vitu vilivyotumika pale Naif, alikuwa akimpigia kila kinapotokea kitu, na wengine huko Utah aliwaandikia barua kwa simu hadi macho yakawa mekundu. Elisante aliyekaa naye chumba kimoja yuko hapa, mwulizeni, gurudumu la kusokotea lilisimama katikati ya vitanda na watu wazima walipita kwa ubavu kwenda kuoga. Frida alimwona mumewe mara tatu katika miaka kumi na minne ya kwanza. Likizo nyingine zote alizimalizia hapahapa akitafuta mabati ya watu waliokufa, na nilipomwuliza, "Hao ni nani zako?" alinijibu, "Si zangu, lakini nani atawaangalia?"

Mwaka 2016 aliniletea blanketi la viraka nilifue kwa mkono, kwa maji baridi, alisisitiza baridi. Siku hiyo Frida alikuwa amenipigia simu akilia kwamba Linus amepata kipaimara bila baba. Nililitia maji ya moto makusudi, rangi zikavujiana zote. Alilipokea, akalikunjua, akalitazama, akasema, "Si neno, lilikuwa limechoka." Sikumwomba radhi, na leo namwomba mbele yenu, kwa blanketi tu.

Mama yetu, Ma Yustina, alifariki Ijumaa tarehe 8 Machi 2019. Tulipata tiketi mbili za Jumamosi kupitia Entebbe, yangu na yake, na asubuhi ya safari alinikuta uwanja wa ndege bila begi akaniambia nitangulie, kwamba kuna mzigo wake kutoka Utah aliousubiri miezi tisa, umefika kwa wakala wa kago Deira, unatolewa Jumatatu kwa kitambulisho cha mwenyewe, usipochukuliwa unarudishwa, na kwamba Jumanne atakuwa njiani. Nilimwambia mazishi ni Jumatatu. Akasema, "Waombe wanisubiri, Marietha." Niliwaomba. Wazee walisema marehemu hasubirishwi kwa ajili ya kago.

Tulimzika mama Jumatatu saa tisa alasiri, na saa kumi kasorobo, udongo ukiwa bado viganjani mwangu, simu ikalia, alikuwa Gervas, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Alisema, "Nimempata yule wa ndoo. Anaitwa Keziah. Jina limo kwenye daftari lililokuja, la jirani yao aliyesafiri naye safari nzima, walimleta akiwa mtumwa kutoka kusini, anaitwa Keziah." Nilizima simu.

Alifika Jumatano, na mjomba Eriya alimkuta amesimama kaburini peke yake, akamwuliza, "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Akasema alikuwa akisubiri mzigo. Mjomba akamwuliza, "Mzigo gani unaomshinda mama?" Kisha mjomba akaondoka akamwacha palepale. Baadaye Musab aliniambia kwa kinywa chake kwamba alikuwa amejitolea kuuchukua ule mzigo kwa barua ya idhini, yalla, nenda ukamzike mama yako, na marehemu alikataa. Kwa hiyo msije mkaniambia hapakuwa na njia. Njia ilikuwapo.

Tuliporudi Dubai sikuzungumza naye kwa karibu miaka sita. Al Mankhool na Al Baraha ni safari fupi ya metro, mtu anafika chai haijapoa, na sikwenda. Wengine wenu mlieneza kwamba amebadili dini, Bwana Clifford alilisema hapa Deira mbele ya watu, nanyi mliosambaza majungu hayo ndio leo mmevaa nyeusi. Kaka yangu hakubadili dini, alipakwa mafuta matakatifu na padri huyu aliyeketi hapa. Mimi nilimchukia kwa sababu zangu za kweli, nanyi kwa za kubuni.

Maradhi ya figo yalianza kumsumbua Januari 2024, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 17 Februari 2025 Elisante alinipigia akasema, "Dada, usije kwa ajili yake, njoo kwa ajili yangu, nimechoka kumbeba." Nilikwenda. Siku ya tatu nilimwuliza lile nililokuwa nimelitunza, kwa nini hakuja kumzika mama. Akasema, "Mama alikuwa na watu mia nne kaburini. Yule alikuwa na mimi tu." Nikamwambia hilo si jibu, kwa sababu mama naye alimlilia yeye, siku tatu za mwisho aliliita jina lake, na hakuwa naye. Akageukia ukuta akasema, "Ndiyo. Hakuwa na mimi." Hakujitetea, na nilitamani ajitetee nipate cha kumjibu.

Mwezi Julai mwaka huu, baada ya kuandika barua zaidi ya mia, alimpata kitukuu wa Keziah, mwalimu mstaafu aitwaye Judy, anayeishi Ogden, na habari hizo zikamfikia Madam Haslam, na ghafla picha ya ziada isiyohitajiwa na mtu ikawa urithi wa familia ulioibwa. Aliandika kwamba dereva wake alijichukulia mali bila ruhusa. Mnajua wote neno wizi lina uzito gani kwa mgeni katika nchi hii. Tarehe 9 Oktoba alimtuma Ronny, msimamizi wa nyumba ya rafiki yake, akaingia wodini na karatasi ya kukiri, akanipa kalamu akisema, "Sister, ni sahihi tu, aweke hapa, khalas, madam hana neno." Kaka yangu alikuwa hawezi kuinua kichwa, lakini alisema polepole kila mtu wodini akasikia, "Mwambie madam aliniambia nitupe. Kosa langu ni kwamba sikumtii." Ronny alikunja karatasi akaondoka, na leo yuko pale karibu na mlango, amekuja kuangalia chumba cha marehemu kinafunguliwa saa ngapi.

Ronny, sikiliza vizuri ukaripoti. Picha haipo. Tarehe 14 Oktoba marehemu alinipa funguo za kabati akaniomba nimpelekee Judy, nami niliyeapa kutogusa uchafu wake niliichukua, nikaipeleka kwa kago Deira kwa mikono yangu, na kabla ya kufunga boksi nilimtazama yule mwanamke mara moja. Ana uso wa mtu aliyeambiwa asimame pembeni. Nilifunga. Tarehe 24 Oktoba Judy aliandika kwamba imefika, na akauliza Gervas ni ndugu yao kwa upande gani, nikamjibu kwamba si ndugu, alikuwa dereva. Nilimsomea marehemu barua hiyo, akacheka hadi akakohoa. Vitu vingine vyote viko ghalani kwa Musab, ni vya mjane Frida na wanawe, na atakayevitaka aende Bushagara akamwombe yeye, akiwa amesimama.

Marehemu Gervas Mutalemwa alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono wa kushoto na Elisante wa kulia, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha mke, watoto wawili na wadogo wanne. Mwili unasafiri kesho, nami nasafiri nao.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa muuguzi Metrine aliyemwita "mzee wa picha" na kumcheka bila kumdharau, inamshukuru Elisante aliyepita kwa ubavu miaka kumi na moja bila kumfukuza, inamshukuru Musab, inawashukuru madereva wenzake waliomshikia zamu zake, na inawashukuru majirani mliopika siku hizi tisa. Wengine mmekuja, tumewaona, tunawatakia safari njema ya kurudi makwenu.

Kaka, nitakupeleka mpaka kwa mama na nitakulaza pembeni yake, umechelewa miaka sita na miezi minane, na mimi sijakusamehe yote, naendelea. Wewe usinisubiri. Pumzika kwa amani, hiyo ambayo mimi bado sijaipata.