Desimali na Siku Kumi na Tisa za Kisima cha Tatu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Desimali, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama muuza mafuta ya taa. Akiwa na miaka minane aligundua kuwa kopo la kupimia la mama yake limebonyea kwa ndani, akamwambia mteja waziwazi, "Usinunue kwanza, kopo letu linapunja." Mama alimtazama mteja, akamtazama mwanawe, kisha akachukua mchi akalinyoosha kopo palepale. "Haya, baba," akasema, "umenifukuzia shetani. Sasa usinifukuzie wateja." Wateja hawakukimbia, waliongezeka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na sekondari mwaka 1974, akisifiwa kwa hesabu na kuombwa asiimbe. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea vyombo vya kupimia, na mwaka 1982 akatunukiwa stashahada akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza tunaye hapa leo. Mpaka mwaka jana walikuwa bado wanabishana juu ya swali la saba la mtihani wa mwisho.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa katika mitambo ya gesi asilia, akadumu huko miaka thelathini na mitano. Visima vitano, kila kimoja na wenyewe, vilimwaga gesi yao katika bomba moja. Ikishachanganyika, gesi haina alama ya mwenyewe, kama unga wa nyumba tano uliomiminwa kwenye gunia moja. Mita kubwa mwisho wa bomba ilisema jumla, mita za visimani zilisema nani kaleta nini, na kila asubuhi ilibidi mtu akokotoe fungu la kila kisima. Mtu huyo alikuwa Desimali. Alianza na karatasi za duara zilizochorwa na kalamu ya mita, na mwaka 2004 ilipoletwa programu ya kompyuta ya kupima na kugawa gesi, wenzake walimcheka: "Mzee, utaiweza hiyo?" Baada ya miezi mitatu ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Jina la Desimali walimpa hao hao, kwa sababu hakukubali tarakimu hata moja baada ya nukta idondoke bila maelezo.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na mwalimu wa jiografia. Siku ya posa shangazi wa bibi harusi alimuuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Napima gesi, Shangazi."

"Unapima hewa! Na binti yetu atakula hewa?"

"Shangazi, mimi sijawahi kupoteza hata pumzi moja ya mtu."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, na mambo yakaishia hapo. Walijaliwa binti, kisha mapacha wa kiume, kisha kitindamimba wa kike.

Sasa lipo jambo ambalo baadhi yenu mlilisikia nusu. Leo mtalisikia lote.

Ndani ya mita ya kila kisima mna sahani ya chuma yenye tundu katikati. Programu hukokotoa gesi kwa kufuata upana wa tundu hilo, hivyo sahani ikibadilishwa, upana mpya lazima uingizwe. Mwezi Septemba 2011 kisima cha tatu kiliwekewa sahani yenye tundu kubwa zaidi. Upana haukuingizwa. Kwa siku kumi na tisa programu iliendelea kuhesabu kwa tundu la zamani, ikakipunja kisima cha tatu, na fungu lake likaangukia visima vingine. Wenye kisima walipopiga kelele, ilisemwa kuwa Desimali kanunuliwa na majirani zao. Tarehe 3 Oktoba alirudishwa nyumbani. Mtaani wakasema lisemwalo lipo.

Msimamizi wake wa zamu alikuja sebuleni kumshauri. "Kaka, sema programu ilikorofisha. Mashine haina mke wala watoto. Ibebeshe."

Mke wake aliuona huo ushauri wa maana, akamwongezea mgeni chai.

"Programu imefanya hesabu niliyoipa," Desimali alijibu. "Nikiisingizia leo, kesho nani ataiamini ikisema kweli?"

"Baba Pacha," mke wake akasema, "na jina la watoto hawa?"

"Ndilo ninalolilinda, Mama Pacha."

Aliandika barua ya ukurasa mmoja. Alieleza kuwa siku ile ya kubadilisha sahani alitia sahihi kwanza fomu ya kuthibitisha kuwa upana umeingizwa, ili auingize baadaye; simu ikaita, na baadaye ikapita. Kumbukumbu za programu, ambazo hazifutiki, zilithibitisha kuwa hakuna mkono uliogusa tarakimu yoyote. Kosa lilikuwepo; wizi haukuwepo. Aliitwa kazini tarehe 17 Oktoba, akakokotoa upya siku zote kumi na tisa, na kila kisima kikapata haki yake. Kuanzia hapo upana wa sahani huingizwa na watu wawili, mmoja akiusoma kwenye chuma chenyewe, na sahihi huja mwisho. Utaratibu huo unafuatwa mpaka leo.

Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, naye akajipimia maji ya kunywa kwa jagi lenye mistari. Muuguzi akamwambia, "Babu, mimi nikose kazi?" Akamjibu, "Wewe thibitisha, mwanangu. Lazima tuwe wawili." Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, familia ikiwa kando yake.

Wiki moja kabla, alimwomba mke wake zile siku kumi na tisa zisomwe siku ya kumzika.

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe hasa. Usiniandikie maisha yasiyo na kosa, hakuna atakayeyaamini."

Mke wake alilifuta jambo hilo mara mbili kwenye karatasi hii. Mara ya tatu akaliandika kwa wino, na leo limesomwa bila kupunjwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, ndugu watano na wajukuu tisa. Wa kumi yu njiani, lakini hatukumwandika. Baba yetu hakuruhusu kitu kutiwa sahihi kabla hakijafika na kuthibitishwa na watu wawili.

Apumzike kwa amani Desimali, mtu wa kipimo kamili.